Wi-Fi iliyogoma kwenye Ubuntu: jinsi nilivyoitatua

Hatimaye imewaka! Siku nne nzima tangu niweke Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux), kompyuta haikuona mtandao hata mmoja wa Wi-Fi. Nilichukua intaneti ya simu kwa waya wa USB, nikasakinisha draiva (programu inayoendesha kadi ya Wi-Fi) mara tatu, nikabadilisha kerneli (kiini cha mfumo). Wapi!

Kilichonifumbua macho ni amri `mokutil --sb-state`. Jibu: "SecureBoot enabled", yaani ulinzi wa Secure Boot, unaokubali tu programu zenye sahihi ya kidijitali inayoaminika, umewashwa. Kumbe kerneli ilikuwa inaikataa draiva kwa sababu haiitambui sahihi yake, ingawa imesakinishwa vizuri kabisa.

Ili ufunguo uliotia sahihi hiyo (unaitwa MOK, Machine Owner Key) uaminiwe, nikaandika:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Inaomba nenosiri jipya. Nililiandika kwenye karatasi, kisha nikawasha upya.

Sasa hapa kuwa macho. Kabla mfumo haujaanza inatokea skrini ya buluu, nayo inasubiri sekunde 10 tu. Siku zote hizo niliiacha ipite nikidhani ni hitilafu. Bonyeza kitufe chochote upesi, chagua "Enroll MOK", "Continue", "Yes", uandike lile nenosiri la karatasini, si la akaunti yako. Herufi hazionekani unapoandika, usishtuke. Malizia na "Reboot".

Ilipowaka, majina ya mitandao yakajipanga pale juu kuliani.