Yule dada wa viti vya nyuma

Jana tulikuwa na mkutano wa chama chetu cha wanasaikolojia hapa Dar, nimerudi nyumbani na jambo moja limeninyima usingizi. Walikuja wanafunzi wa masta kama saba hivi, wote wamejibana viti vya nyuma karibu na mlango, na toka saa tatu asubuhi mpaka tunatawanyika hakuna aliyewauliza chochote, walichosikia kutoka kwetu ni ada na mwisho wa kulipa ada basi.

Kurudi nikapanda daladala la Mbagala na mmoja wao, yupo field kwenye kituo cha afya. Akanifungulia daftari lake, ameandika kwa peni nyekundu: "Mteja akiniambia amechoka kuishi, na supervaiza hapokei simu, nampigia nani?" Swali hilo alikuja nalo mkutanoni na akaondoka nalo!

Aisee niliumia. Mimi mwenyewe nina masta, asubuhi mpaka jioni nipo na watu, ndoa, pombe, misiba, na najua ilivyo kufunga mlango wa chumba cha ushauri umebeba maneno ya mtu kifuani na huna pa kuyatua.

Wenzetu Marekani, chama chao cha wanasaikolojia, APA, kipo toka 1892 na uanachama kamili wameujenga juu ya shahada ya uzamivu kama PhD, mwenye masta anaanza kama mwanachama mshiriki, na kwa miaka mingi alikuwa anasubiri miaka mitano ndo apige kura. Hata wao mwaka 2018 baraza lao lilikubali kuanza safari ya kuzipa ithibati kozi za masta. Sasa sisi tukisubiri PhD, nani atakaa na watu wa Tandika na Gongo la Mboto? Wanaokaa nao ndo hawa hawa tuliowaweka mlangoni.

Usiku nikawaandikia viongozi, nimeomba kila mkutano saa ya kwanza iwe ya kujadili kesi, bila majina ya wateja, na wa field ndo waanze kuongea, ada tutazisema mwishoni. Bado hawajajibu.

Yule dada nilimpa namba yangu. Leo jioni kapiga, tumeongea karibu saa nzima, tumepitia maswali ya kumuuliza mteja moja kwa moja bila kuzungukazunguka, na nani wa nyumbani kwake wa kumshirikisha. Mteja anarudi Jumatano saa nne, nimeshaacha nafasi muda huo, simu itakuwa mezani.