Manyoya ya Shingo ya Jogoo

Juzi, tulipokuwa tukimnyonyoa jogoo wa sikukuu, binti yangu aliniona nikiyatenga manyoya ya shingoni, yale membamba yenye rangi ya kutu, na kuyafunga katika karatasi. Akaniuliza, “Mama, hayo ni ya nini?” Nilimjibu kuwa ni ya kuvulia samaki, naye hakuniamini.

Aliyenifundisha ni yule mama wa Nyeri aliyekuwa jirani yetu kule Nguba, mjini Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa. Mito ya kwao, iteremkayo kutoka milima ya Aberdare, ina samaki aina ya trauti walioletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na huko huvuliwa kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyozungushiwa uzi na unyoya hata ikafanana na mdudu aliyeangukia majini. Nilipomweleza kwamba sambaza wetu, wale samaki wadogo wa ziwani, nao ni wageni, kwa kuwa waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, alifurahi sana, akasema kwamba basi hata yeye atazoea.

Kabla yake nilikuwa nimeshika ufito wa kuvulia mara moja tu, nikiwa msichana, na kaka yangu aliuchukua kabla sijaitupa ndoana. “Lete nikuonyeshe,” alisema, nami nikakaa juu ya jiwe nikimtazama mpaka jua likatua.

Asubuhi ninayoikumbuka zaidi ilikuwa na ukungu, na mitumbwi ya sambaza, ile inayofungwa mitatu mitatu, ilikuwa ikirudi na taa zake zimezimwa. Kwa siku nne mshipi wangu ulikuwa umeniangukia mabegani kama uzi uliotoka kwenye kibiringo. Katika uvuvi huu hakuna kipande kizito cha madini ya risasi cha kuvuta mshipi mbele. Nzi hana uzito wowote, na mshipi wenyewe, ambao ni mnene, ndio unaombeba. Kwa hiyo ni lazima kwanza uurushe nyuma, ungoje unyooke wote hewani, ndipo uupeleke mbele. Mimi sikuwa nangoja. Kila mara ulisikika mlio kama wa mjeledi, na nzi mwingine alikuwa amekatika.

Yule mama hakuuchukua ufito. Alisimama upande wangu wa kulia, akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wangu ili kisipinde, akaniambia, “Geuza kichwa, mwanangu, uutazame mshipi wako ukiwa nyuma. Hakuna anayekukataza kuutazama.” Kisha akanitaka niseme “ngoja” kwa sauti, nisiusogeze mkono mpaka neno limekwisha mdomoni. Niligeuka. Niliuona mshipi ukipanda juu ya matete, kitanzi chake kikifunguka polepole, matone ya maji yakiuachia moja baada ya jingine, hata ukalala umenyooka hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Nikasema “ngoja.” Niliposukuma mkono mbele, sikuhisi nguvu yoyote yangu, niliona tu nzi akitua mbali kuliko nilivyowahi kumfikisha, bila kuvunja maji. Vidole vyake havikuwapo tena mkononi mwangu, na sijui aliviondoa saa ngapi.

Baadaye alinisimulia habari za Joan Wulff, mwanamke wa Marekani ambaye mwaka 1960 alirusha mshipi futi 161, ili nisidhani kwamba kazi hii inadai mabega ya mwanamume. Samaki nilimpata wiki ya tatu, tilapia mwenye ukubwa wa kiganja. Mwaka uliofuata yule mama alirudi kwao, akaniachia ufito.

Jana jioni binti yangu aliketi mezani na ndoana, uzi mweusi na unyoya mmoja wa yule jogoo. Aliuzungusha uzi kinyume, ukalegea, akaanza tena, ukalegea tena. Nilijisikia nikisema, “Lete,” na mkono wangu ulikuwa tayari umefika katikati ya meza. Niliurudisha. Yeye hakuinua macho, wala sijui kama alinisikia.