Nilivyopunguza kilo 11 kwa ajili ya magoti

Mtaani kwetu Buguruni, shika goti tu, utaandikiwa dawa kabla hujasema linauma wapi: bamia, supu ya kongoro, mafuta ya kuchua. "Ute wa goti umeisha, dada." Bamia nazipenda na nazila mpaka leo, ila ule ute wake unaishia tumboni, hauna njia ya kwenda gotini. Daktari wa mifupa alipoiangalia eksirei aliniambia gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa gotini, limelika na halitarudi, lakini maumivu yatapungua nikipunguza mwili. Nilikuwa na kilo 104, na kazi yangu ni cherehani ya miguu.

Kilichonishika ni hesabu yake: kila kilo unayopunguza, goti linatua mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Nikaliwaza lile daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, ngazi zote zile. Lengo tukaliweka asilimia 10 ya uzito wangu.

Ugali sikuacha. Niliupunguza ukawa saizi ya ngumi, nusu ya sahani ikawa mchicha au matembele, na pembeni dagaa, maharage au kibua wa Feri wa kuchemsha kwa ndimu. Kazi kubwa ilikuwa mafuta. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori karibu 120, na mkono wa mpishi ukishika dumu haujui kijiko. Sasa napima: viwili kwa sufuria nzima ya familia. Kisamvu nakipika kwa tui la pili, tui zito ni la sikukuu. Chapati za asubuhi zikapisha yai na kiazi kitamu cha kuchemsha, chai ikabaki ya rangi bila sukari. Hiyo chai ndiyo iliyoniuma kuliko vyote, siwafichi.

Kuna jirani alinishawishi ninywe juisi tupu wiki nzima "kukata tumbo". Nilikataa. Ukijinyima protini hivyo misuli nayo inaondoka, na goti bovu linashikiliwa na misuli ya paja. Ndiyo maana kila nikimaliza nguo nakaa palepale kwenye kiti, nanyoosha mguu mbele, nahesabu mpaka tano, nashusha. Wateja wameshazoea. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2013 ulifuata watu 454 wenye magoti kama yangu kwa miezi 18. Waliounganisha chakula na mazoezi maumivu yao yalipungua kuliko waliofanya mazoezi peke yake.

Mtihani ni shughuli. Ukila pilau kidogo na kuomba maji badala ya soda, shangazi wote wanauliza, "Unaumwa, mama?" Nawajibu, "Naumwa magoti," naendelea kula.

Kilo ziliondoka polepole, kama mwaka hivi. Futi yangu ya ushonaji ilianza kunipa habari kabla ya mzani: kiuno kilikuwa kinapungua hata miezi ambayo mzani umegoma. Sasa nina kilo 93. Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone daktari kwanza kabla ya kupunguza chakula, maana sukari inaweza kushuka ghafla.

Cherehani naikanyaga mpaka jioni, na ngazi napanda bila kushika ukuta. Msibani bado naomba kiti. Mkeka nimewaachia wenye magoti yao.