Nimefika, valizi haijafika

Jamani, Lubumbashi nimefika salama, valizi ndiyo haijafika. Pale uwanja wa ndege wa Luano mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukazimwa. Kijana wa kaunta: "Mama, nenda nyumbani, tutakupigia." Nikamwambia, papa, sitoki hapa bila karatasi.

Karatasi yenyewe ni ripoti ya mzigo uliochelewa, yenye namba ya kumbukumbu. Ijazwe kabla hujatoka uwanjani. Na kile kikaratasi cha namba ulichopewa ulipokabidhi mzigo, usikitupe!

Mswaki na nguo za ndani nimenunua soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Muuzaji alicheka nilipomwomba risiti, lakini akaandika, kwa mkono, na bei. Gharama za lazima kama hizo hudaiwa kwa kampuni ya ndege. Kwa safari nyingi za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 21 za kulalamika kwa maandishi tangu upokee mzigo. Mzigo usipofika ndani ya siku 21, dai fidia ya mzigo uliopotea. Kaunta hawakwambii hayo, ng'o.

Leo wamepiga: valizi ilibaki nilikobadilishia ndege, inakuja kesho, eti nikaifuate mwenyewe. Mwenye gari anayepita Luano kesho anitumie ujumbe.