Namna nilivyozuia tope na maji yasiingie katika tangi la pikapu isiyo na kifuniko cha mafuta

Pikapu yangu ni ya dizeli, niliinunua ikiwa imeshatumika, na mdomo wake wa tangi hauna kile kifuniko cha kuzungusha tulichokizoea. Ukifungua kimlango cha ubavuni unakutana na kibakuli cheusi cha plastiki, na katikati yake pana kilango cha duara kinachojifunga chenyewe kwa springi. Bomba la pampu likiingia hukisukuma kilango hicho, likafika kwenye kilango cha pili kilichopo ndani zaidi, mafuta yakamiminika. Likitolewa, vilango vyote viwili hurudi mahali pake. Mtindo huu ulianza kuenea na magari ya Ford ya mwaka 2008 huko Marekani, na baadaye ukaonekana katika magari ya kampuni nyengine. Faida yake ni ya kweli, kwa kuwa hakuna kifuniko cha kusahauliwa juu ya pampu, na mkono haunuki dizeli kila unapotia mafuta. Mimi mwenyewe niliupenda tangu siku ya kwanza, na hadi leo sijauchukia. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba mdomo wa aina hii unahitaji uangalizi ambao mdomo wa kifuniko hauuhitaji, hasa katika kisiwa kama Pemba, chenye mvua nyingi, milima mifupi isiyokwisha na udongo mwekundu unaong'ang'ania kila unapogusa.

Nililijua hilo mwezi wa Aprili, katikati ya masika. Nilikuwa ninatoka Kengeja kwenda Chake Chake nikiwa na mzigo wa ndizi na mbata, na kwenye mlima mmoja kabla ya kufika Mtambile gari likaanza kukosa nguvu. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma bila ya kupanda, kisha ikatetemeka, na taa ndogo ya manjano inayoonesha kwamba chujio la dizeli limejaa maji ikawaka. Nilisogea pembeni nikazima. Nashukuru nilizima, kwa sababu injini za dizeli za siku hizi zinasukuma mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana, na nozeli zake, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, zina vitundu vyembamba vinavyoharibika haraka maji yakipita. Bei ya nozeli moja mpya inatosha kumvunja mtu moyo.

Fundi aliyekuja kunisaidia ni mtu mzima ambaye ameshika dizeli tangu ujana wake. Alifungua kizibo cha chini ya chujio na kukinga yaliyotoka kwa chupa tupu ya maji ya kunywa, kisha akaisimamisha juu ya boneti, akaniambia nisubiri. Baada ya dakika chache mambo yalijitenga yenyewe mbele ya macho yangu. Dizeli ilipanda juu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, na maji yakakaa chini, karibu robo ya chupa. Chini kabisa ya maji hayo palikuwa na utando mwekundu mwembamba, laini kama unga wa hina, na kipande kidogo cheusi ambacho sikukitambua.

Mimi nilikuwa nimeshamhukumu muuza mafuta kichwani mwangu. Fundi alinituliza. "Mwanangu," aliniambia, "wanaotia mafuta pale ni wengi na gari zao zinakwenda. Maji yanayotoka kwenye tangi la mafuta la sheli hayaji na udongo wa shamba. Hebu tuutazame mdomo wa tangi kwanza."

Tuliutazama kwa tochi ya simu, na niliyoyaona yalinitia haya. Kibakuli kilikuwa kimejaa tope lililokauka pembeni na kulowa katikati. Kwenye ukingo wa chini wa kilango lilikuwa limebanwa konyo moja la karafuu, kile kijiti kinachobaki karafuu zikichambuliwa, bila ya shaka limebaki tangu msimu uliopita nilipokuwa ninabeba magunia na makonyo pamoja. Konyo hilo halikuwa nene kuliko njiti ya kibiriti, lakini lilitosha kukizuia kilango kisikae vizuri juu ya mpira wake, na pakabaki ufa mwembamba wa mwezi mchanga. Chini ya kibakuli pana kitundu kilichowekwa makusudi ili maji ya mvua yateremke nje kwa mrija mdogo. Kitundu hicho kilikuwa kimezibwa na udongo, ukakaza kama saruji. Kwa hivyo kila mvua iliponyesha, na kila nilipoliosha gari, maji yalisimama ndani ya kibakuli yakisubiri nafasi.

Hapo nilifahamu jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo la msingi katika suala hili zima. Kilango kikiwa kizima na kisafi, uchafu hauingii wakati gari linatembea. Unaingia wakati wa kutia mafuta. Vumbi na tope hukaa juu ya kilango wiki nzima bila ya madhara, kisha mhudumu wa pampu anachomeka bomba, na bomba lile linausukuma uchafu wote ndani kwa mkupuo mmoja, nyuma yake zikifuata lita arubaini za dizeli kuusukuma mpaka chini ya tangi. Kwenye mdomo wa kifuniko cha kuzungusha, uchafu wa juu huondoka pamoja na kifuniko mkononi mwako. Kwenye mdomo huu hakuna anayeuondoa isipokuwa wewe mwenyewe uamue kuuondoa.

Tangi tuliliteremsha, tukalimwaga na kulisafisha, na chujio tukaliweka jipya. Sehemu hiyo ilikuwa ya gharama tu na sina la kuieleza. Kilichonichukua muda zaidi ni mdomo wenyewe.

Kijana mmoja wa gereji alitaka kuupuliza kwa kompresa, fundi akamkataza, kwa kuwa upepo ule ungeupeleka uchafu kulekule tunakouhofia. Alitaka pia kutia grisi kwenye springi ili kilango kiwe chepesi, akakatazwa tena, kwani grisi hunasa vumbi na baada ya mwezi hugeuka kuwa msasa. Tulianza kwa kuulainisha udongo mkavu kwa kitambaa kilichoguswa dizeli kidogo, tukifuta kutoka katikati kuja nje, kamwe si kinyume chake. Punje zilizobaki kwenye kona za kibakuli hazikutaka kutoka kwa kitambaa. Nilikwenda duka la dawa nikanunua kile kipira cha kunyonyea kamasi za mtoto mchanga. Ukikiminya, ukakielekeza ncha yake kwenye kona na kukiachia, kinavuta punje na matone ya maji kwa pamoja bila ya kupuliza chochote ndani. Sijapata chombo bora kuliko hicho kwa kazi hii, na bado kimo ndani ya gari, kimefungwa katika mfuko wake.

Kitundu cha kutolea maji nilikizibua kwa uchukuti wa fagio la mnazi. Sikutumia waya, kwa sababu waya unaweza kuutoboa mrija ulio nyuma ya kibakuli, na ukishatoboka maji yanamwagika ndani ya bodi na kuleta kutu usiyoiona. Uchukuti unapinda na kufuata njia. Nilipousukuma mara ya tatu udongo ukaachia, nikamimina kikombe cha maji masafi juu ya kibakuli huku kilango kikiwa kimefungwa vizuri, na nikayaona yakidondoka chini ya gari mbele ya gurudumu la nyuma. Jaribio hilo la kikombe kimoja ninalirudia kila mwezi. Maji yakichelewa kudondoka, ninajua pana kitu.

Lakini kwa nini kitundu kiliziba kwa chini? Swali hili lilinisumbua, kwa kuwa udongo ulikuwa umekaza zaidi upande wa nje wa mrija kuliko upande wa kibakuli. Niliingia chini ya gari nikapata jawabu. Ile plastiki inayofunika sehemu ya juu ya gurudumu kwa ndani haikuwepo, pengine iling'oka kabla gari halijanifikia, na tairi lilikuwa likirusha tope moja kwa moja kwenye mrija na mgongo wa kibakuli. Mtu angeweza kuusafisha mdomo kila siku na bado akashindwa kwa sababu ya uwazi huo wa nyuma. Plastiki mpya ya gari langu haikupatikana Pemba, kwa hivyo nilikata kipande cha mpira wa tairi kuukuu, nikakifunga kwa boliti nne kwenye bati la ndani, na mbele ya mdomo wa mrija nikaacha nafasi ya vidole viwili ili maji yaendelee kutoka. Ninaamini kazi hii ya asubuhi moja imesaidia kuliko yote niliyoyafanya baadaye.

Baada ya hapo nilitaka kinga juu ya kilango chenyewe, kwa siku za vumbi na za kuosha gari. Nilikosea mara mbili kabla ya kupatia. Kwanza nilichomeka kitambaa. Kitambaa kilinyonya maji ya mvua na kuyashikilia papo hapo juu ya kilango, na nilipokitoa kiliacha nyuzi. Kisha nilikata kizibo kutoka mpira wa ndani wa tairi, kikakaa vizuri sana kwa wiki mbili, mpaka matone ya dizeli yalipokifikia kikavimba, kikalainika na kuanza kuacha weusi. Mpira wa namna ile na dizeli havipatani. Plastiki ya dumu la oili inapatana nayo, kwa sababu ndiyo inayohifadhia mafuta tangu kiwandani. Nilikata duara kutoka ubavu wa dumu tupu, nikalisugua kingo kwa msasa mpaka likakaa juu ya ukingo wa kibakuli bila ya kukigusa kilango, upande wa chini nikachonga pengo dogo la kupitishia maji, na katikati nikatoboa tundu la kufungia uzi. Uzi huo umefungwa kwenye bawaba ya kimlango, ili kifuniko kisipotee. Sikutaka kitu kinachobana, kwa kuwa kazi ya kufunga ni ya kilango, na hiki changu ni mwavuli tu. Vipo pia vifuniko vya ziada vilivyotengenezwa kiwandani kwa midomo ya aina hii, na mwenye uwezo wa kuviagiza asisite, ila ahakikishe havizibi kitundu cha maji.

Kuosha gari nako kumebadilika. Mashine ya maji ya kasi sasa haikaribii ubavu ule, na pale ninapooshea wameshanizoea. Eneo la mdomo ninalifuta mwenyewe kwa kitambaa cha maji matamu, na hufanya hivyo pia kila gari linapovuka bahari kutoka Unguja, kwani chumvi huzila springi polepole na springi iliyochoka hairudishi kilango kwa nguvu inayotakiwa.

Kwenye sheli ninateremka kila mara. Ninaondoa kifuniko changu, ninafuta kibakuli, kisha ninamwomba mhudumu kwa adabu anipe bomba nilifute ncha yake, kwa kuwa bomba lililoning'inia mchana kutwa kando ya barabara lina vumbi lake. Wengi wananikubalia. Mmoja aliniuliza, "Mzee, unaogopa nini?" Nilimwonesha kitambaa baada ya kufuta, na tangu siku hiyo hunifutia yeye kabla sijasema. Mafuta yakikatika ninaliacha bomba ndani kwa muda wa sekunde kumi hivi, ili matone ya mwisho yaingie tangini badala ya kumwagika juu ya kilango, ambako yangekuwa gundi ya vumbi. Mvua ikiwa kubwa na paa la sheli halifikii ubavu wa gari, ninasubiri.

Khatari iliyobaki ni dumu. Ukiishiwa mafuta Makangale au mahali pengine penye mchanga, na msamaria akakuletea dizeli kwa dumu, utagundua kwamba faneli ya kawaida ya dukani haikifungui kilango, kwa kuwa vibanio vyake vinaachia pale tu vinaposukumwa na kitu chenye unene kamili. Magari mengi ya namna hii huja na faneli yake maalumu. Siku mafuta yaliponiishia mimi, yangu ilikuwa nyuma ya kiti, imelala pamoja na jeki na kamba, na ndani yake mlikuwa na mchanga; lau ningeitumia siku hiyo bila ya kuitazama, ningeumimina mchanga huo kwa mkono wangu mwenyewe. Utingo wangu alikuwa ameshashika bisibisi akitaka kukifungua kilango kwa nguvu, nikamwahi. Kilango kilichokwaruzwa kwa bisibisi hakitafunga tena. Tuliiosha faneli kwa dizeli ya mwanzo kutoka dumu, tukaimwaga dizeli hiyo kwenye kopo pembeni, kisha tukachuja iliyobaki kupitia kitambaa kizito. Sasa faneli inakaa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo.

Masika ya mwaka uliofuata nilirudi kwa fundi kumwaga chujio, ingawa taa haikuwaka. Alikinga kwa chupa kama mwanzo, tukaisimamisha juu ya boneti, tukasubiri. Maji yalikuwepo, kiasi cha kijiko cha chai, ambayo fundi alisema hutokana na unyevu wa hewa ndani ya tangi lisilojaa, na akaninasihi nisililaze gari na mafuta machache. Utando mwekundu haukuwepo. Kifuniko cha plastiki ya dumu ni kilekile; uzi wake wa mwanzo ulikatika mwezi wa Ramadhani, nikaufungia mwengine wa mshipi wa kuvulia, na ndio uliopo hadi sasa.