Nakuru mpaka Kisumu na jina la Olive

Dadangu aliyeolewa Kisumu alijifungua msichana wakamwita Olive, na kwa vile kwetu mimi ndio naonekana mtu wa vitabu, nikaagizwa nije kwa ubatizo na maana kamili ya hilo jina, dani yake mtoto, yaani nyanya yake kwa Kijaluo, anataka kuelewa. Haya, Olive kwa Kiingereza ni zeituni. Nikapanda matatu Nakuru asubuhi, kitu cha kwanza tukaingia petroli stesheni, na kazi yangu ikaanzia hapo hapo. Wagiriki wa kale mzeituni waliuita elaia, mafuta yake elaion, kwa Warumi ikawa oliva na oleum, na hiyo oleum ndio imezaa oili tunayomwaga kwa injini. Petroli nayo ni petra, yaani mwamba, ukiunganisha na oleum: mafuta ya mwamba. Kwa hivyo yule jamaa wa pampu anautaja mzeituni siku nzima na hana habari. Dizeli usiweke hapo, hilo ni jina la Mjerumani, Rudolf Diesel.

Zeituni yetu sisi imetoka kwa Waarabu, zaytun, na kwao zayt ni mafuta, hata ya alizeti, hata ya gari. Pande zote mbili mti na mafuta haviachani.

Salgaa malori kama kawaida, alafu Mau Summit tukakata kushoto na baridi ikaingia kwa madirisha. Pembeni yangu alikuwa mzee Mkipsigis amepakata mtungi wa maziwa, nikamwambia shikamoo mzee, tukaanza stori, nikamweleza naenda kutafuta mzeituni Kisumu kwa jina la mtoto. Akacheka sana. Akaniambia kijana, unaupita. Karibu na Londiani akanionyesha mti mmoja wa shina lililopindapinda, majani membamba, juu yanang'aa na chini ni ya rangi ya kahawia hivi. Wao wanauita emitiot. Kumbe ndio ule ule Wakikuyu wanaita mutamaiyu na Wamaasai oloirien, ambao wanafukizia vibuyu vya maziwa! Nimeona kuni zake tangu utotoni, nzito, ngumu, zinawaka usiku kucha, na sijawahi kusikia mtu akiziita zeituni. Lakini kwa wataalamu ni mti mmoja na ule wa Ugiriki, Olea europaea, jina alilolipa Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1753, tofauti ni kwamba wetu ni wa mwitu, tunda lake ni dogo, likiiva ni jeusi, nyama kidogo kokwa kubwa, wanaofaidi ni ndege. Naona ndio maana majina yakaenda njia tofauti, kule mti unasifiwa kwa mafuta na huku unasifiwa kwa moto, na huo moto umeumaliza sana juu makaa yake yanapendwa.

Mama mmoja wa siti ya nyuma akadakia, si huo ndio wa Warumi 11, mzeituni mwitu uliopandikizwa kwa mzeituni mwema? Ni ndugu yake wa huko kwao, nikasema, ingawa wakulima hufanya kinyume, wanachukua shina la mwitu lenye nguvu wanapandikiza tawi zuri juu yake, na Paulo mwenyewe kwa mstari wa 24 anakubali hiyo yake ni kinyume cha asili. Konda akauliza kama kuna mtu hajalipa.

Kericho chai tupu, Ahero mchele na joto, Kisumu tukafika.

Kesho yake padri akampaka Olive krisma, ambayo kwa desturi ni mafuta ya zeituni yametiwa manukato, japo tangu 1970 Kanisa Katoliki linaruhusu mafuta ya mimea mingine mahali zeituni ni shida kupata. Kwa chakula, samaki mezani, nikamwaga yote hayo kwa dani, kuanzia pampu ya petroli mpaka njiwa wa Nuhu na lile jani. Alisikiliza mpaka mwisho, alafu akauliza kama tunaweza kupanda mmoja hapa nyumbani. Nikamwambia ule wa mafuta unataka majira ya baridi ndio utoe maua, na huyu ndugu yake wa mwitu kwao ni milimani.

"Basi akifika darasa la kwanza mumpeleke Londiani," dani akasema, akaendelea na kichwa cha samaki.