"Kati ya 100 na 95, kubwa ipi?"

Maneno ya mhasibu mkuu hayajanitoka. Wiki imepita na mambo yake: ukaguzi umekwisha, bosi mpya ameripoti, shemeji kajifungua salama mtoto wa kiume. Lakini kila nikitulia namsikia yeye tu, kasimama kwenye mlango wa chumba cha seva, miwani kaipandisha kichwani: "Kwa hiyo umetupunguzia spidi, halafu tukushukuru?"

Nikamjibu, "Hapana mama, nimeipanga tu."

"Kati ya 100 na 95, kubwa ipi?" Akageuka, akaenda zake.

Kinachouma ni kwamba kwa hesabu hiyo hakuna wa kumpinga. Laini yetu ya intaneti ni ya megabiti 100 kwa sekunde, nami nimeiwekea swichi, kile kifaa kinachounganisha mtandao wa ofisi, kikomo cha 95 kwenye poti (tundu la waya) inayotoka kwenda kwa mtoa huduma. Ukiishia hapo, nimewaibia megabiti 5. Tangu siku hiyo namjibu nikiosha vyombo, namjibu nikiwa kitandani, na kila mara jibu linanoga zaidi.

Ningemwambia hivi. Poti ile ina mwendo wa gigabiti 1, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde. Swichi haijui kwamba mbele laini ni nyembamba, kwa hiyo inazimwaga pakiti zote, yaani vile vipande vidogo vya data, kwa mkupuo bila kuona msongamano. Pasipo msongamano hakuna foleni, na pasipo foleni kipaumbele hakina kazi. Pakiti ya sauti ya simu niliyoipa alama ya 46, ya kutangulizwa, inatoka ikibanana na bakapu (nakala za akiba za mafaili) ya idara yake, zinafika pamoja kwa mtoa huduma, naye anakata kinachozidi 100. Yule hachagui! Faili likipoteza pakiti litaituma upya na kupunguza mwendo, basi. Simu haina nafasi hiyo. Simu moja ya kawaida ya intaneti hutuma pakiti 50 kila sekunde, na zikipotea kadhaa mfululizo ndipo mtu anaanza "haloo, haloo, unakatika." Mama yule yule ndiye aliyekuwa akizilalamikia simu hizo kuliko wote.

Kikomo cha 95 kimeileta foleni upande wetu, tunakoweza kuamua nani atangulie. Kinachozidi hakitupwi papo hapo. Kinasubiri kidogo kwenye bafa, sehemu ya kungojea ndani ya swichi, huku sauti ikipitishwa mbele. Bafa yenyewe nimeifanya fupi kwa makusudi, maana foleni ya megabaiti 1 kwa mwendo huo ni kama milisekunde 84 za kusubiri, na wenye kusubiri huko ni watu wanaofungua kurasa zao za kawaida, ambao hawana kosa lolote. (Pakiti zinazoingia ni habari nyingine. Swichi inapanga vizuri kinachotoka. Kinachokuja kimeshapangwa huko kilikotoka.)

Basi jana jioni nikabaki ofisini makusudi, bakapu ilipoanza. Grafu ya mwendo wa poti ile, kwenye picha nilizoweka hapa mwezi uliopita, ilikuwa ikipanda na kushuka kama meno ya msumeno mwanzo hadi mwisho. Jana mstari ulipanda hadi 95 ukanyooka. Nikaipigia simu ofisi ya tawi bakapu ikiwa imepamba moto, nikamsikia kijana wa zamu vizuri kabisa, hadi kalamu aliyokuwa akiigongagonga mezani. Nikamwomba aendelee kuongea, chochote tu. Akanisimulia mechi nzima! Na bakapu ikamalizika mapema kuliko kawaida yake, kwa sababu haikuwa inarudia pakiti zilizokatwa njiani. 95 iliyotulia imeishinda 100 iliyojaa vurugu, na hilo ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta kwenye masinki na mito. Nilifurahi mno. Nimeichapisha grafu hiyo pamoja na ile ya zamani, nimezitia kwenye bahasha. Jumatatu nitampelekea mwenyewe, na nitakaa pale mpaka azitazame.

Mama yangu amepiga tena leo mchana. Jicho la kushoto linaona ukungu, yeye anasema ni vumbi tu, lakini vumbi gani la wiki mbili? Mdogo wangu anasema jana alimimina chai pembeni ya kikombe. Hospitali mnajua anavyoikwepa. Sijui nianzie wapi kumshawishi.